Ukingo wa Chuma Kinene Hausemi Uongo

ASKARI aliyewahi kushika zamu ya usiku katika mtaa wa Kiyovu, mjini Kigali, huyajua malango ya chuma kuliko wenye nyumba. Mwenye nyumba hulipita lango lake asubuhi akitoka na jioni akirudi, naye yumo ndani ya gari. Askari hukaa nalo usiku kucha. Hulifungua na kulifunga, hujikinga ubavuni mwake mvua inapopiga, na sikio lake huzoea mlio wa bawaba hata akaweza kutambua kwa mlio huo kama lango li zima au lina ugonjwa.

Kiyovu, iliyomo wilayani Nyarugenge, ni mtaa wa mteremko na barabara zenye miti, wenye ofisi, nyumba kubwa na hoteli ya Mille Collines iliyofunguliwa mwaka 1973. Kwa hiyo ni mtaa wa malango mazito, vizuizi vya magari na nguzo za ulinzi. Ndiyo sababu tumeuchagua uwe mahali pa kuanzia mazungumzo yetu ya leo na ndugu zetu wa jeshi na polisi. Mazungumzo yenyewe yanahusu jambo linaloonekana dogo: ukingo wa bamba nene la chuma lililokatwa kwa mwali wa leza, sababu zinazoufanya ukingo huo ukwaruze na kuchimbika, na njia ya kumpata mkosaji.

LANGO HUMWANGUKIA NANI?

Huenda msomaji akauliza: ukingo wa chuma unamhusu nini askari? Na tufanye hesabu. Lango lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2, lililofunikwa kwa bati la chuma la milimita 3, lina kilo 188 za bati peke yake, kabla ya kuhesabu fremu na mihimili. Uzito wote huo hubebwa na vipande vichache tu vya chuma kinene, yaani mabamba ya bawaba na mabamba ya kitako yaliyofungwa kwa bolti kwenye nguzo. Kila lango linapofunguliwa, mzigo huhama. Linapofungwa, mzigo hurudi. Mara mia kwa siku, mwaka hata mwaka.

Chuma kinachovutwa na kuachiwa namna hiyo huchoka. Wahandisi huuita uchovu wa chuma, na uchovu huo hauanzii mahali palipo laini. Hutafuta pengo, kijishimo, au mfuo uliochimbika ukingoni, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa chuma haungoji mtu ajenge ukuta, kwani siku ya kukatika hukatika kwa mara moja, na anayekuwa chini ya lango siku hiyo ni mlinzi.

Tusidhani kuwa haya ni maneno ya kutishana. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la makazi ya wafanyakazi wa mafuta lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka upande wa Norwei. Watu 212 walikuwamo, na 123 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ufa ulianzia kwenye kiungo kidogo cha kuchomelea, chenye unene wa milimita 6 tu, kilichoshikilia kifaa kisaidizi juu ya mhimili mkubwa. Kosa lile lilikuwa la kuchomelea, wala si la kukata, lakini somo ni lile lile: chuma kikubwa huangushwa na dosari ndogo iliyopuuzwa karakanani.

MWALI NA OKSIJENI

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitengeneza leza ya hewa ya ukaa. Miaka mitatu baadaye, Mei 1967, Peter Houldcroft wa Uingereza alielekeza mwali wa namna hiyo kwenye bati la chuma, akapuliza oksijeni pamoja nao, na chuma kikakatika. Bati lile lilikuwa jembamba mno. Siku hizi mashine nyingi hupitisha mwali wake ndani ya uzi wa kioo, nazo hukata mabamba ya milimita 20 na zaidi.

Ni lazima tufahamu vizuri kazi ya ile oksijeni, kwa maana humo ndimo yalimo makosa mengi. Chuma cha kawaida kinene hakikatwi na mwali peke yake. Mwali hukipasha moto hadi kiwake, kisha oksijeni hukiunguza, kama upepo unavyochochea mkaa. Kuungua huko hutoa joto lake lenyewe, na joto hilo ni sehemu kubwa ya nguvu inayokata. Hatimaye gesi husukuma uji wa chuma utoke chini kupitia mwanya mwembamba. Basi fundi wa leza anaongoza moto, na moto ukipewa zaidi ya haki yake hula pasipotakiwa, ukinyimwa huacha kazi nusu.

Kazi ikiwa njema, ukingo huwa na mifuo myembamba iliyosimama wima, iliyolingana kama mistari ya daftari, na upande wa chini huwa safi. Kazi ikiwa mbaya, mifuo hupinda, huchimbika, na chini hugandamana yale masalio magumu ambayo mafundi wetu huyaita mavi ya chuma.

KISA CHA KARAKANA MOJA

Tulipata kushuhudia katika karakana moja, ambayo hatutaitaja jina, kazi ya kukata mabamba 12 ya bawaba kwa ajili ya lango moja la Kiyovu. Chuma kilikuwa cha milimita 20. Kipande cha kwanza kilitoka na ukingo kama meno ya msumeno. Kijana mwendesha mashine akaongeza nguvu ya mwali. Kipande cha pili kikawa kibaya zaidi. Akapunguza mwendo, akaongeza msukumo wa gesi, akateremsha kitovu cha mwali. Kipande cha tatu kiliungua pembe zote.

Fundi mkuu, mzee mwenye mvi aliyeanza kazi zamani kwa moto wa oksijeni na asetilini, alikuja akasimama nyuma yake.

"Kijana, umebadili mambo mangapi?"

"Manne, mzee."

"Na ni lipi lililoharibu?"

Kijana akanyamaza.

"Ukiwakamata watu wanne kwa wizi mmoja, ukawapiga wote, wote watakiri. Mwizi utakuwa humjui bado. Rudisha vipimo vyote vya kitabu cha mashine, kisha unikatie kipande cha mraba."

Maneno hayo tuliyaandika papo hapo, kwa kuwa yangeweza kusemwa na mpelelezi yeyote wa polisi. Penye kosa pana alama, na alama husomwa kabla ya mtu kushtakiwa.

Kipande cha mraba kilipokatwa, chenye pande za milimita 100, mzee alikizungusha mkononi. Pande mbili zilizopakana zilikuwa safi. Pande mbili nyingine zilikuwa zimechimbika. Akasema kwamba kosa halimo katika nguvu wala mwendo, maana nguvu na mwendo vilikuwa sawa pande zote nne. Kosa lina upande, basi tutafute kitu chenye upande. Akaifungua pua ya mashine, ile tundu ya shaba ambamo mwali na gesi hutokea pamoja, akamwonyesha kijana mdomo wake. Ulikuwa umebonyea kidogo kwa kugonga kipande kilichoinuka. Gesi ilikuwa ikitoka ikiegemea upande mmoja.

Pua mpya ikafungwa. Mzee akabandika utepe wa gundi mdomoni mwake, akaagiza mwali upigwe mara moja kwa nguvu ndogo, kisha akautazama utepe. Tundu dogo la mwali halikuwa katikati ya alama ya mdomo wa pua. Likarekebishwa mpaka likakaa katikati kabisa. Mraba wa pili ukatoka na pande nne zilizofanana.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Vipande vinne vilitoka vizuri, cha tano kikaanza kukwaruza, cha sita kikaharibika. Kijana akataka kuigusa tena pua. Mzee akamzuia: kosa hili halina upande, bali lina saa. Kinachoanza vizuri na kuharibika baadaye kimepata joto au kimepungukiwa. Mtungi wa oksijeni ulipotazamwa, ulikuwa umejaa. Kioo cha kukinga lenzi kilipotolewa, kilikuwa na doa la vumbi lililoungua. Doa hilo lilikuwa likinyonya joto la mwali, kioo kikipata moto, na kitovu cha mwali kikihama mahali pake. Isitoshe, kijana alikuwa akikata vipande vilivyopakana, kimoja baada ya kingine, hata bamba zima likawa la moto kupita kiasi. Kioo kikabadilishwa, na mpango ukapangwa upya ili mashine iruke kutoka kona moja ya bamba hadi nyingine. Vipande vilivyosalia vilitoka vyote vizuri.

JINSI YA KUSOMA UKINGO

Kutokana na kisa hicho, na kutokana na kanuni za kazi yenyewe, tumekusanya alama zinazofaa kujulikana na kila askari wa uhandisi au wa karakana ya magari.

Kwanza, itazame mifuo. Ikiwa inalala, yaani sehemu ya chini imebaki nyuma ya sehemu ya juu, mwendo ni wa kasi mno, maana moto wa juu umetangulia na wa chini haukuwahi. Kasi ikizidi zaidi bamba halikatiki kabisa, na cheche badala ya kushuka chini huruka juu. Ikiwa mifuo ni mipana, yenye mashimo yasiyolingana, na ukingo umeungua, mwendo ni wa polepole mno au oksijeni imezidi. Haraka haraka haina baraka, lakini katika leza kukawia nako kuna hasara yake.

Pili, yatazame mavi ya chuma upande wa chini. Yale yanayobanduka kwa kugongwa kidogo ni ya kawaida katika kukata kwa oksijeni. Yale yaliyoshika hata yahitaji patasi yanashuhudia kwamba uji wa chuma haukusukumwa vya kutosha: mwendo umezidi, msukumo wa gesi umepungua, kitovu cha mwali hakiko mahali pake, au oksijeni si safi. Oksijeni ya kukatia hutakiwa iwe na usafi unaozidi asilimia 99.5, na kushuka kidogo tu kunaonekana ukingoni.

Tatu, tazama ni sehemu gani ya unene iliyoharibika. Mafundi wengi hudhani kwamba bamba nene linahitaji gesi yenye msukumo mkubwa. Kwa oksijeni ni kinyume. Bamba jembamba hukatwa kwa msukumo mkubwa, bali bamba nene hukatwa kwa msukumo mdogo, mara nyingi mdogo kuliko ule wa tairi la gari dogo, kwa pua yenye tundu pana. Ukiongeza msukumo, moto huchafuka na kuchimba ukingo. Kitovu cha mwali nacho, katika mashine za uzi wa kioo zinazokata kwa oksijeni, huwekwa juu kidogo ya uso wa bamba ili mwanya upanuke na uji upate njia. Chuma kisichoshika kutu kinachokatwa kwa nitrojeni hufuata njia nyingine: msukumo huwa mkubwa sana na kitovu huzamishwa ndani ya bamba. Anayechanganya kanuni hizi mbili huharibu vyote viwili.

Nne, zitazame pembe. Pembe zikiungua na pande zikawa nzuri, mashine inapunguza mwendo ikifika konani lakini nguvu yake haipungui. Dawa yake ni kupunguza nguvu kwenye pembe, au kuupiga mwali kwa vipindi, au kuizungusha pembe kidogo badala ya kuikunja kwa ghafula.

Tano, yatazame matundu. Tundu la bolti lenye kipenyo kidogo kuliko unene wa bamba ni mtego, kwa sababu joto hukosa pa kwenda. Kwa kiungo kinachobeba mzigo, tundu la namna hiyo ni heri likatobolewe kwa keekee.

Kubwa kuliko yote ni hili: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kata kipande cha majaribio, andika, ndipo uende kwenye jambo la pili. Uanze na yale yasiyogharimu kitu, yaani usafi wa kioo, hali ya pua, katikati ya mwali na gesi. Nguvu na mwendo viwe washukiwa wa mwisho.

MVUA, VUMBI NA SAFARI NDEFU

Mahali nako kuna ushahidi wake. Rwanda haina bandari. Chuma kitokacho ng'ambo hupakuliwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafiri kwa malori zaidi ya kilomita elfu moja. Kikinyeshewa njiani hufika na kutu. Juu ya hayo, bamba hutoka kiwandani likiwa na gamba jeusi, na gamba hilo likibanduka nusu nusu mwali hupokewa vizuri hapa na vibaya pale. Ukingo ukiharibika kwa viraka, utazame uso wa bamba kabla hujaigusa mashine. Kutu isuguliwe, rangi na mafuta viondolewe.

Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la Kigali huingia kila penye mwanya, nalo ndilo adui wa vioo vya mashine. Katika miezi ya masika unyevu huingia ndani ya mabomba ya hewa iliyoshindiliwa, na matone madogo yakifika kwenye kioo huacha madoa. Kioo kibadilishwe mahali palipofungwa, kwa mikono safi, na kamwe kisipulizwe kwa mdomo.

Hapo pia yafaa tuonye juu ya usalama. Mwali wa mashine hizi hauonekani kwa macho, lakini unapofusha hata ukiwa ni wa kuakisiwa tu. Mlango wa mashine usifunguliwe kazi ikiendelea, na miwani iwe ile iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya mwali. Vifungo vya oksijeni visipakwe mafuta wala grisi, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye msukumo yaweza kuwaka yenyewe.

KUPOKEA KAZI NI ZAMU YA ULINZI

Turudi karakanani. Kazi ilipokwisha, vile vipande vitatu vya kwanza na viwili vilivyoharibika baadaye viliwekwa kando. Aliyeagiza kazi alisema vijazwe kwa kuchomelea, visagwe kwa grainda, vipakwe rangi, kwani chuma ni ghali na rangi huficha. Mzee alivikagua kimoja kimoja kwa taa na ukucha. Viwili vilikuwa na mikwaruzo ya juu juu, akakubali visagwe hadi viwe laini. Vitatu vilikuwa na mashimo karibu na tundu la bolti, akavitupa kwenye chuma chakavu.

"Rangi itaficha kwako," alisema. "Kwa chuma haitaficha kitu. Na chini ya lango hili atasimama mtoto wa mtu."

Basi askari anayepokea lango, kizuizi, au kipuri cha gari ajue kwamba kupokea nako ni zamu ya ulinzi. Aukague ukingo kabla ya rangi kupakwa. Avae glavu, apitishe kidole, aangalie mifuo kwa taa ya ubavuni. Kiwango cha kimataifa ISO 9013 hupima hasa mambo mawili, yaani mwinamo wa ukingo na kina cha mifuo, na fundi mwelewa anaweza kuulizwa kazi yake ni ya daraja gani. Kadhalika aulize kama lile gamba la oksidi linaloachwa na oksijeni ukingoni limeondolewa, kwa maana rangi iliyopakwa juu yake hubanduka pamoja nalo na kutu ikaingia. Na ukingo uliopata joto huwa mgumu kuliko chuma cha ndani, kwa hiyo usikunjwe kabla ya kusagwa.

Kiyovu yenyewe inatufundisha kwamba elimu hii si ngeni kwa watu wa sare. Katika majengo ya kilichokuwa chuo cha maofisa wa jeshi, mwaka 1997 ilianzishwa KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, ambayo tangu mwaka 2013 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Palipofundishwa kwata pakafundishwa uhandisi, na nidhamu inayotakiwa ni moja: kutazama kwa makini, kutofanya pupa, na kutoficha kosa.

Lango lile limekwisha kusimamishwa. Kijana mwendesha mashine alikwenda kulitazama siku ya kwanza, akaomba alifungue na kulifunga mwenyewe. Askari wa zamu akamruhusu, akitega sikio. Bawaba hazikulia.